KOMPYUTA HAIAMUI, INAAMRIWA: KISOMO CHA JUMAPILI CHA WAFANYAKAZI WA KABUGA

Wengi wetu tumekwisha kulisikia jibu hili dirishani kwa karani wa mishahara. Unafika na hati yako mkononi, unamwonyesha kuwa saa za ovataimu zimepungua, naye hakukasirikii wala hakutukani. Anageuza kichwa, anakitazama kioo, kisha anasema, "Ndivyo kompyuta ilivyosema." Hapo mazungumzo yamekwisha. Utabishana vipi na chombo kisicho na masikio? Unaikunja hati yako, unarudi kazini, na mwezi unaofuata mambo ni yale yale.

Sisi wa Kabuga tulilisikia jibu hilo mara nyingi mno. Ndipo tukakata shauri la kujifunza chombo chenyewe, kuanzia chini kabisa, mahali ambapo mtu huandika amri kwa herufi na kompyuta hutii. Makala haya yanaeleza tulivyoanza, tulivyokosea na faida tuliyoipata. Tunayaandika kwa ajili ya ndugu wa viwandani na mashambani wanaodhani kuwa jambo hili ni la vijana wa chuo kikuu peke yao.

SISI NI NANI

Kabuga iko upande wa mashariki wa Jiji la Kigali, katika wilaya ya Gasabo, kando ya barabara kuu iendayo Rwamagana, Kayonza na mpaka wa Rusumo, hadi Tanzania. Asubuhi wengi wetu hupanda basi kwenda kwenye viwanda vya Masoro. Wengine ni vibarua wa ujenzi na wa mashamba ya vijijini. Katika kisomo chetu tuko 11. Mkubwa wetu ana miaka 58 na mdogo ana miaka 31. Tisa kati yetu tuliishia shule ya msingi, na wawili hawakuimaliza.

Tunafundishana kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Baadhi yetu tulikulia Tanzania, wengine Kongo na Uganda, na wengine Kiswahili walikipata sokoni na kwa madereva wa malori. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo hatuoni haya kukitumia hata mbele ya kompyuta.

Tunakutana Jumapili saa nane mchana, kwa sababu Jumamosi wengi wako kazini, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya umuganda. Mwalimu wetu ni kijana wa mwanachama mmoja, aliyesoma shule ya ufundi. Halipwi. Tunampa chai na chapati.

MASHINE ZETU NNE

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, basi ofisi zikaanza kuziondoa. Tulichangishana, tukanunua nne kwa bei ya vyuma chakavu. Kijana wetu akazitia Linux, ambayo ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoziongoza programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Kwa kuwa mashine zilikuwa dhaifu, aliweka sehemu ya maandishi tu, bila picha wala madirisha.

Jumapili ya kwanza tulipoziwasha hatukuona kitu cha kubonyeza. Kioo kilikuwa cheusi. Juu yake palikuwa na maneno machache meupe, ishara ya dola, na kijimstari kikipepesa. Mzee mmoja wetu akasema, "Tumeuziwa maiti." Tukacheka, lakini kwa kweli mioyo ilishuka.

Kijana akatuambia, "Wazee, haijafa. Inawangojeni. Haijui la kufanya mpaka mmoja wenu aiambie."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, nasi tuliliandika juu ya ukurasa wa kwanza wa madaftari yetu. Ile ishara ya dola haiombi pesa. Maana yake ni kwamba kompyuta iko tayari kupokea amri.

AMRI ZA KWANZA

Ndugu msomaji, fikiri juu ya ghala kubwa la kiwanda. Ghala lina vyumba, ndani ya vyumba mna vyumba vidogo, na ndani yake mna madaftari. Kompyuta imepangwa vivyo hivyo. Vyumba huitwa folda na madaftari huitwa mafaili. Mtu anayeingia ghalani gizani anahitaji kujua mambo matatu: yuko chumba gani, mna nini humo, na mlango wa kwenda chumba kingine uko wapi. Amri tatu za mwanzo zinajibu hayo.

Ukiandika pwd na kubonyeza kitufe cha Enter, kompyuta inakuambia uko chumba gani. Ukiandika ls, inakuorodheshea vilivyomo. Ukiandika cd ikifuatwa na jina la folda, unaingia humo. Ukiandika cd na nukta mbili, unarudi nyuma mlango mmoja. Basi. Jumapili mbili nzima tulifanya hayo tu, tukiingia na kutoka, mpaka yule mzee aliyesema tumeuziwa maiti akawa anatembea ghalani bila kuuliza.

Baada ya hapo tulijifunza mkdir, ambayo hujenga chumba kipya. Tukajifunza nano, programu ndogo ya kuandikia. Tukajifunza cat, ambayo husoma faili na kulionyesha kiooni. Kisha zikaja tatu ambazo mfanyakazi yeyote wa ghala atazielewa upesi: cp hunakili, mv huhamisha au kubadili jina, na rm hufuta. Hii ya mwisho tutairudia, maana ilitutoa jasho.

Tulikutana na vikwazo. Vidole vilivyozoea nyundo na panga huangukia vitufe viwili kwa pamoja. Kompyuta hii hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivi kwamba Zamu na zamu kwake ni majina mawili. Nafasi kati ya maneno nayo ina maana yake: ukiandika cdovataimu badala ya cd ovataimu, haikuelewi. Dada mmoja mshonaji, aliyeishia darasa la nne, ndiye aliyetupita sote. Tulipomwuliza siri yake alisema amezoea kutazama kila mshono, na herufi nazo ni mishono.

Kikwazo kingine ni Kiingereza. Ukikosea, kompyuta hulalamika kwa lugha hiyo. Tulifanya hivi: kila lalamiko jipya tuliliandika kwenye karatasi kubwa ukutani, na chini yake tukaandika maana yake kwa Kiswahili. Baada ya mwezi mmoja karatasi ilikuwa na malalamiko 9, nayo ni yale yale yanayorudi. Moja husema faili hilo halipo. Jingine husema amri hiyo haijulikani. Jingine husema huna ruhusa. Mtu akiyajua hayo matatu, amekwisha kuvuka mto.

Na jambo moja lilitushangaza. Amri ikifaulu, mara nyingi kompyuta haisemi neno lolote. Inarudisha ishara ya dola na kunyamaza. Mwanzoni tulidhani imekataa. Kijana akatueleza kuwa iko kama kapita asiyejua kusifu: akiridhika hunyamaza, na utaisikia sauti yake siku ukikosea.

IMETOKA WAPI

Swali liliulizwa darasani: kama programu hii haikununuliwa, ni nani aliyeitengeneza, na anataka nini kwetu?

Asili yake ni mfumo uitwao Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Amri fupi fupi tunazojifunza, kama ls na cp, ni za ukoo huo. Wakati ule watu wengi walitumia kompyuta moja kubwa kwa kuandika kwenye mashine zilizopiga chapa karatasini, na amri fupi ilipunguza kazi ya vidole.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo kama huo ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuuchungulia ndani, kuurekebisha na kuwapa wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini kilichopewa jina la Linux. Maelfu ya watu wa nchi nyingi wameendelea kukijenga mpaka leo. Wengine hufanya hivyo kwa mapenzi yao, na wengine wamo katika ajira za makampuni makubwa ambayo nayo yanaihitaji kazi hiyo. Simu za Android mlizo nazo mfukoni zinaendeshwa na kiini hicho hicho.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha aina moja ya Linux na kuiita Ubuntu. Darasa zima lilicheka kwa furaha, kwa kuwa neno hilo sisi tunalo nyumbani. Kwa Kinyarwanda ubuntu ni utu, na kitu kinachotolewa ku buntu kimetolewa bure. Mwaka huo huo wa 2004, wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, kutokana na mradi wao wa Kilinux. Na hapa Rwanda, kuanzia mwaka 2008, watoto wa shule za msingi waligawiwa kompyuta ndogo zenye rangi ya kijani na nyeupe. Ndani yake mlikuwa na Linux. Watoto wetu waliijua kabla yetu, nasi tulidhani wanacheza.

DAFTARI LA OVATAIMU

Sasa tufikie jambo lililotufanya tuandike makala haya.

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja kwa kuwa mazungumzo hayajaisha, wanachama wetu hubaki jioni kufanya ovataimu. Zamu moja ya ovataimu ni saa 2. Kwa miezi mingi walinung'unika kuwa saa zinazolipwa ni chache kuliko zile walizofanya. Jibu lilikuwa lile lile la kompyuta.

Mwezi mmoja, mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda hicho alianza kuandika. Alinunua daftari la shule, na kila jioni kabla ya kutoka aliandika siku, tarehe, namba ya kila mfanyakazi aliyebaki, na saa alizofanya. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwisho wa mwezi daftari lilikuwa limejaa kurasa nyingi, na hapo ndipo ugumu ulipoanza. Nani atakaa kuhesabu majina ya watu 22, mstari kwa mstari, bila kuchanganya?

Tukalileta daftari kisomoni. Kwa Jumapili mbili tuliliandika lote katika faili moja tuliloliita zamu.txt. Kila mstari ulikuwa mtu mmoja kwa jioni moja, hivi:

Jumatatu 09 N17 2

Kisha tulijifunza amri mbili mpya. Ya kwanza ni grep, ambayo hupita katika faili na kutoa mistari yenye neno ulilotaja. Ya pili ni wc -l, ambayo huhesabu mistari. Katikati yake huwekwa mstari mmoja wa kusimama, ambao huchukua kazi ya amri ya kwanza na kuikabidhi kwa ya pili. Njia hiyo ya kupokezana iliingizwa katika Unix mwaka 1973, kwa wazo la Doug McIlroy. Sisi tuliielewa kwa umuganda: watu wamesimama mstari mmoja, tofali linapita toka mkono hadi mkono, na hakuna anayelazimika kutembea.

Tukaandika:

grep N17 zamu.txt | wc -l

Jibu likatoka: 13. Maana yake mwenzetu mwenye namba 17 alibaki jioni 13, na 13 mara 2 ni saa 26. Hati yake ya mshahara ilisema saa 18. Zilipungua saa 8.

Tungeweza kuishia hapo na kwenda kulalamika. Lakini yule dada mshonaji akauliza, "Hizo 8 ni za siku gani?" Tukaanza kuitoa siku moja moja. Tulipofika Jumamosi tuliandika:

grep N17 zamu.txt | grep Jumamosi | wc -l

Jibu: 4. Jioni nne za Jumamosi, mara 2, ni saa 8. Chumba kikanyamaza. Tukajaribu namba nyingine, na nyingine, na nyingine tena. Kila mmoja alikuwa amepungukiwa saa zake za Jumamosi, wala si saa moja zaidi. Kwa faili zima, mistari ilikuwa 274, yaani saa 548. Ya Jumamosi ilikuwa 81, yaani saa 162. Tulipojumlisha hati za mishahara za watu wote 22, tulipata saa 386. Ukitoa 162 katika 548, unabaki na 386 kamili.

Mpaka hapo tulikuwa na manung'uniko. Sasa tulikuwa na hesabu.

SIKU TULIPOFUTA KILA KITU

Mkutano na uongozi wa kiwanda ulipangwa kuwa Jumanne. Jumapili iliyotangulia tulikutana kupanga maneno. Mmoja wetu, kwa nia njema, akataka kusafisha folda, kwa kuwa lilikuwa na faili la majaribio liitwalo zamu1.txt. Wiki ile tulikuwa tumefundishwa kuwa alama ya nyota husimama mahali pa herufi zozote. Akaandika:

rm zamu*

Kompyuta ikanyamaza. Ukimya ule ule tuliofundishwa kuwa ni dalili ya mambo mema. Alipoandika ls, folda lilikuwa tupu. Nyota ilikuwa imebeba kila faili lililoanza na zamu, likiwamo lile lenye mistari 274. Na katika amri hii hakuna kapu la taka la kwenda kuokota ulichokitupa.

Hatutasema ni nani, maana ni sisi sote. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametumia cp kunakili faili, ingawa tulijifunza amri hiyo kabla ya rm.

Kilichotuokoa ni daftari la karatasi. Tulilichana katikati kwa uangalifu, tukagawana kurasa kwa mashine nne, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Tulianza saa kumi alasiri. Kufika saa nne usiku tulikuwa na mafaili manne. Tukayaunganisha kwa cat, ambayo kumbe kazi yake ya asili ndiyo hiyo ya kuunga, tukaandika wc -l, na jibu likatoka: 273.

Mstari mmoja haukuwapo. Wengine walisema tuuache, saa 2 si kitu. Mwakilishi akakataa. Alisema tukienda na hesabu yenye tundu, karani ataingiza kidole kwenye tundu hilo. Tukarudia ukurasa kwa ukurasa, tukauona: ulikuwa mstari wa mwisho wa ukurasa mmoja, uliofunikwa na kidole gumba cha msomaji. Tukauandika. 274. Tukanakili faili kwenye flashi mbili, na kila flashi ikalala nyumba yake.

MKUTANO

Jumanne tuliwakilishwa na watu watatu. Walibeba karatasi moja iliyochapwa na lile daftari lililochanika. Swali la kwanza waliloulizwa ni nani aliyewaandikia hesabu hiyo. Walijibu kuwa tumeiandika wenyewe, wakaeleza jinsi tulivyofanya.

Karani alifungua jedwali lake mbele ya kila mtu. Ilichukua dakika chache. Mahali pa kujumlisha, hesabu ilianzia safu ya Jumatatu na kuishia safu ya Ijumaa. Saa za Jumamosi zilikuwamo, zimeandikwa vizuri, lakini hazikuwamo katika jumla. Hatukumshtaki mtu kwa wizi, kwa kuwa hatujui nani alipanga jedwali hilo wala lini. Tulitaka jambo moja likubaliwe, nalo lilikubaliwa: kompyuta haikuamua. Ilijumlisha Jumatatu hadi Ijumaa kwa sababu kuna mtu aliyeiambia ijumlishe hivyo.

Saa 162 zililipwa pamoja na mshahara wa mwezi uliofuata. Kwa miezi ya nyuma tumedai, na mazungumzo yanaendelea, lakini hatuna nguvu ile ile. Miezi hiyo hakuna aliyeandika daftari. Wako wenzetu walioacha kazi kabla ya hapo, na Jumamosi zao zimekwenda nao. Hilo linatuuma.

MAMBO YA KUANGALIA

Kutokana na tuliyoyapitia, tunawausia wenzetu haya.

Kwanza, tumieni kumbukumbu zenu wenyewe. Sisi hatukugusa kompyuta ya mwajiri wala hatukuchukua faili lake hata moja. Daftari letu lilitosha. Mfanyakazi anayeingia kwenye kompyuta ya kiwanda bila ruhusa anampa mwajiri fimbo ya kumpigia, na pengine sheria itakuwa upande wa mwajiri.

Pili, kabla ya kufuta, nakilini. Andikeni cp kabla ya rm. Vilevile iko amri rm -i, ambayo huuliza kwanza kabla ya kufuta kila faili. Sisi sasa hatuitumii rm bila -i, wala hatuiweki karibu na nyota.

Tatu, lindeni orodha ya wanachama. Linux humpa kila mtumiaji jina lake na neno lake la siri, na kila faili lina mwenyewe. Amri ya chmod 600 ikifuatwa na jina la faili huwazuia watumiaji wengine wa kawaida wasilisome wala kulibadili. Lakini mwenye mamlaka kuu ya mashine hiyo bado anaweza kulifungua, kwa hiyo orodha ya chama isikae kwenye kompyuta ambayo hamuijui mwenyewe wake.

Nne, daftari la karatasi msilitupe. Kompyuta huhesabu upesi kuliko sisi, lakini haikuwapo pale mlangoni jioni mlipobaki kazini.

NANYI MNAWEZA KUANZA

Msingoje kompyuta mpya. Mashine iliyotupwa na ofisi inaweza kufaa. Linux haina bei. Mtu mwenye intaneti anaweza kuipakua na kuiweka kwenye flashi. Mwenye simu ya Android anaweza kuweka programu ya bure iitwayo Termux, naye atapata kioo kile kile cheusi chenye ishara ya dola mfukoni mwake. Pwd, ls, cd na grep zinafanya kazi humo.

Msitake kujua yote. Sisi tulijifunza amri kumi na chache kwa miezi minne, Jumapili moja baada ya nyingine. Wanyarwanda husema buhoro buhoro ni rwo rugendo, yaani pole pole ndio mwendo. Na mtu akisahau, iko amri man: unaandika man, nafasi, na jina la amri yoyote, na maelezo yake yanafunguka. Ni kwa Kiingereza, lakini kijana mmoja wa sekondari akiwasaidia inatosha.

Wenzetu wachumaji wa chai wametuuliza kama njia hii itawafaa. Itawafaa sana. Kila mara mnapopima majani mnapewa kilo zenu. Ziandikeni siku hiyo hiyo, kabla ya karatasi kulowa mvua. Mstari mmoja kwa kila mzani: siku, tarehe, namba, kilo. Sisi hivi sasa tunajifunza amri iitwayo awk, ambayo hujumlisha safu nzima ya tarakimu, nayo ndiyo mtakayoihitaji.

Makato nayo yanahitaji macho. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni hapa Rwanda umepanda kutoka asilimia 6 hadi asilimia 12, nusu yake mfanyakazi na nusu mwajiri. Maana yake katika kila faranga 100 za mshahara unaohesabiwa, 6 ni zako na 6 ni za mwajiri. Kwa hiyo, mfanyakazi anayejua kuhesabu mwenyewe atajua pia kama fedha hizo zimefika kunakotakiwa.

Ndugu wafanyakazi, hatujawa mafundi wa kompyuta, wala hatujidai. Yule mzee wetu wa miaka 58 bado anaandika kwa kidole kimoja. Lakini mwezi uliopita alikwenda dirishani kuuliza juu ya hati yake, na karani, labda kwa mazoea, akamwambia kuwa ndivyo kompyuta ilivyosema. Mzee akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, nayo iliambiwa nini?"

Karani akafungua jedwali wakaangalia pamoja. Safari hii hesabu ilikuwa sahihi. Mzee akashukuru, akaenda zake kazini, na jioni akaandika saa zake kwenye daftari kama kawaida.